Niandike ngapi, bosi?

Kila mwaka ikifika mwezi wa nne, wiki ile ya Masters, mashindano ya gofu kule Marekani ambayo mshindi anavalishwa koti la kijani, lazima kuna mshkaji atanitumia meseji, "we si ulikuwaga kedi, hebu tuambie nani anavaa koti la kijani mwaka huu", na mi huwa namtajia jina lolote tu, Scheffler, Rory, yeyote yule, maana ukweli ni kwamba sijui. Nikiangalia gofu macho yangu yanakuwa kwingine kabisa. Namwangalia kedi, yule jamaa wa ovaroli nyeupe anayembebea mchezaji begi la fimbo. Bosi wake akikosa shimo kutoka futi tatu, naangalia ile fimbo anairudishaje, anamkabidhi mkononi au anaiachia idondoke huku anaondoka zake, jamaa ainame aokote. Mi hapo nishamjua mtu, hayo mengine yanayoandikwa magazetini ni ziada.

Nilibeba mabegi karibu miaka minne, wikendi na likizo za shule, kwenye kilabu kimoja huku kaskazini mwa Tanzania, jina naliacha maana wenyewe bado wapo na mitandaoni wanapita. Saa kumi na mbili asubuhi ushafika, unaandikisha jina kwa kedi masta, unakaa chini ya mti na wenzako mnasubiri kuitwa, siku nyingine unakaa mpaka saa nane mchana hujaitwa unarudi nyumbani na njaa yako. Ukiitwa unapewa begi la ngozi, fimbo 14, mipira, mwamvuli, maji, na viatu vya ziada ambavyo sijawahi kuona vikivaliwa hata siku moja. Taulo unalilowesha ncha moja tu, ile nyingine inabaki kavu, ya maji unatolea udongo na ya kavu unamalizia, na ole wako ulisahau.

Aliyenifundisha kazi ni kedi mmoja mkongwe tuliyekuwa tunamwita Mjomba. Shikamoo Mjomba, marahaba, kaa hapa usikilize. Kivuli chako kisikatize njia ya mpira. Ukisimama shikilia fimbo zisigongane. Usicheke, hata mwenzake bosi akicheka we usicheke. Na la mwisho ambalo alilirudia kuliko yote, usije hata siku moja ukamwambia bosi amepiga ngapi. Muulize. "Niandike ngapi, bosi?" Yani bosi kapiga wa kwanza umeingia vichakani, wa pili kakata hewa, wa tatu umegonga mti ukamrudia, we umehesabu nane kwa macho yako mawili, unasimama na kadi na kipensili unauliza kwa adabu niandike ngapi, yeye anaangalia mlima kidogo kama vile anakumbuka kitu, anasema weka tano. Unaweka tano.

Kulikuwa na mzee mwingine alikuwa anataka kedi wa ndala tu, ukija na raba anamwambia kedi masta alete mwingine. Nilikuja kuelewa baadaye. Kedi wa ndala anaweza kuushika mpira kwa vidole vya mguu bila kuinama, anautoa nyuma ya mti anauacha penye nyasi fupi huku anatembea kawaida kabisa, na mtu aliye ng'ambo ya pili anaona tu kijana anatafuta mpira. Mi sikuweza kuujua ule ufundi vizuri, vidole vyangu vifupi, hahaha, ndo maana yule mzee sikumbebea sana.

Sasa basi hao hao jioni wakikaa kwenye veranda na bia zao ndo utasikia "gofu ni mchezo wa waungwana". Wanaipenda hiyo kauli balaa. Mi nimelelewa na bibi, mtu wa Tanga, na bibi ukimwambia muungwana haelewi mtu mwenye shati ndani ya suruali. Pwani zamani muungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Yani neno lenyewe halisimami peke yake, ukishasema huyu muungwana maana yake pembeni yake kuna mtu ambaye siye, na mara nyingi ndo aliyebeba mzigo. Kwa hiyo mi nikisikia mchezo wa waungwana huwa nakubali kabisa, nasema ni kweli, ila nadhani tunaongelea vitu viwili tofauti.

Na usinielewe vibaya, kwenye gofu uaminifu upo, tena wa kushangaza. Bobby Jones, Mmarekani, US Open ya 1925, yuko pembeni kwenye nyasi ndefu anajiandaa kupiga, mpira ukasogea kidogo. Hakuna aliyeona. Akajishtaki mwenyewe, akajiongezea pigo moja, mashindano yakaisha amefungana na Willie Macfarlane, wakarudiana, akapoteza kwa pigo moja. Watu wakamsifia, akawajibu kwamba hiyo ni sawa na kumsifia mtu kwa sababu hajaiba benki. Hiyo hadithi kila mtu wa gofu anayo mdomoni, na ni ya kweli na ni nzuri.

Ila ni huyo huyo Jones na mwenzake Clifford Roberts ndo walioanzisha kilabu cha Augusta National, na Masters ikaanza pale pale 1934. PGA ya Marekani, chama cha wachezaji wa gofu wa kulipwa, ilikuwa na kipengele kwenye katiba yake kabisa kwamba mwanachama awe mzungu, kikatolewa 1961. Mweusi wa kwanza kucheza Masters ni Lee Elder, 1975. Mwanachama mweusi wa kwanza wa Augusta, 1990. Wanawake wa kwanza, 2012, Condoleezza Rice na Darla Moore. Elfu mbili na kumi na mbili jamani, watu tuna simu janja. Lakini usije ukadhani muda wote huo weusi hawakuwemo uwanjani. Walikuwemo tangu mwanzo, wamevaa ovaroli. Mpaka 1982 mchezaji wa Masters alikuwa hawezi kuja na kedi wake, lazima abebewe na kedi wa kilabu, na makedi wa kilabu wote walikuwa weusi. Wale jamaa walikuwa wanaijua mielekeo ya zile grini, yani zile nyasi fupi kabisa zenye shimo, kama mtu anavyojua vyumba vya kwao usiku umeme umekatika. Ben Crenshaw alichukua Masters mara mbili, 1984 na 1995, mara zote begi liko kwa Carl Jackson, mtoto wa pale pale Augusta, na ile picha ya 1995 Crenshaw kainama analia na Jackson yuko juu yake anamshika mabega, mi naona ndo picha ya gofu yenye ubinadamu kuliko zote. Ila 1983 milango ilipofunguliwa kila mtu aje na kedi wake, wengi wa wale wazee kazi ikaishia hapo. Uaminifu wa Bobby Jones wa pigo moja kwenye kadi haukuwafikia. Kadi haina sehemu ya kuandika hayo.

Nije kwenye kilichonifanya niandike yote haya, maana hiki kisa kila nikikumbuka damu inachemka. Novemba 2018, Mexico, mashindano ya Mayakoba kule Playa del Carmen. Matt Kuchar, yule mrefu anayetabasamu muda wote, kila mtu Marekani alikuwa anamwona ndo mtu mwema wa gofu, alikuwa hajashinda zaidi ya miaka minne. Kedi wake wa siku zote hakuwepo wiki ile, akapewa wa pale pale kilabuni, David Giral Ortiz, wenzake wanamwita El Tucan. Mtu ambaye siku za kawaida anabebea watalii. Wiki hiyo wakafanya kazi, Kuchar akachukua kombe na dola 1,296,000.

Sasa desturi ya kule, haijaandikwa kwenye sheria ila kila mtu anaijua, bosi akishinda kedi anapata kama asilimia 10. Fanya hesabu, ni dola 129,600. Sawa, huyu sio kedi wake wa kudumu, walikuwa na makubaliano yao ya wiki, basi mpe nusu, mpe robo. Alimpa dola 5,000. Haifiki hata nusu ya asilimia moja. Akaenda zake, Januari akashinda tena Hawaii, na ndo habari zikaanza kuvuja.

Na mi hapo ningeweza kusema mtu kakosea, kasahau, ana mambo mengi. Shida ni majibu yake. Ortiz alikuwa anaomba dola 50,000, akatumiwa ofa ya nyongeza ya 15,000 akaikataa. Kuchar akaulizwa na waandishi, akasema kwa mtu anayeingiza dola 200 kwa siku, wiki ya dola 5,000 ni wiki kubwa sana. Soma tena hiyo sentensi. Yani malipo yako hayapimwi kwa kazi uliyofanya, yanapimwa kwa umaskini uliokukuta nao. We ulikuwa unakula mhogo, kwa hiyo nikikupa mkate nimekutendea makuu, hata kama ule mkate umeoka we. Na huyu ni mtu aliyekuwa ameshaingiza zaidi ya dola milioni 40 za zawadi maishani.

Mitandao ikamchoma. Februari 2019 yuko Riviera, Los Angeles, mashabiki wanamzomea kuhusu ubahili huku anacheza, ndo akampigia simu Ortiz akaomba msamaha na kufikisha zile 50,000. Alivyoomba msamaha aliomba vizuri, nisimnyime haki yake, hakusema "kama kuna mtu ameumia". Lakini miezi mitatu jamani, na mpaka uzomewe.

Najua kwa nini kisa hiki kinanikaa. Kuna mwaka nilimbebea bosi mmoja mashindano ya kilabu, siku tatu mfululizo, siku ya pili mvua ilinyesha mwamvuli ukawa kwake begi likawa kwangu. Akashinda divisheni yake. Zawadi ilikuwa friji. Jioni hotuba zikapigwa, akashukuru wadhamini, akashukuru kepteni, akamshukuru mke wake ambaye hakuwepo, alivyoshuka nikamsogelea nikasimama pale karibu kama tulivyofundishwa, huombi, unasimama tu uonekane. Akaniona, akafurahi kweli, akasema ah kijana wangu uko hapa, njoo nisaidie. Tukaibeba friji mimi na mlinzi mpaka kwenye pikapu yake. Akanipa soda. Fanta, nakumbuka, tena ya moto. "Tutaonana wiki ijayo." Wiki ijayo alichukua kedi mwingine.

Turudi kwa Kuchar maana mwaka 2019 wake haukuishia pale. Mwezi wa tatu huo huo, Match Play kule Austin, Texas, anacheza mtu kwa mtu na Sergio Garcia. Shimo la 7 Garcia kakosa, mpira umesimama karibu kabisa na shimo, kwa hasira akaugusa ovyo kwa mgongo wa fimbo bila kusubiri Kuchar aseme "chukua, nimekupa", yani ihesabiwe kama umeingia, nao ukakataa kuingia. Kisheria kama hujapewa hujapewa. Kuchar akamwambia refa kwamba hakuwa amempa, Garcia akapoteza shimo. Garcia akamwambia basi nipe shimo moja tuwe sawa, Kuchar akakataa, mwisho Kuchar akashinda. Sheria yote iko upande wake, hata nukta hajavunja. Sasa weka pembeni na Ryder Cup ya 1969, timu ya Marekani na timu ya Uingereza, pale Royal Birkdale Uingereza, shimo la mwisho la mechi ya mwisho, Tony Jacklin wa Uingereza kabakiwa na kama futi mbili na matokeo yote yamening'inia hapo, Jack Nicklaus wa Marekani akaokota alama ya mpira ya Jacklin akamwambia nimekupa. Sare, 16 kwa 16. Inasemekana kepteni wake hakufurahi hata kidogo. Ila leo tunamwongelea Nicklaus, miaka zaidi ya hamsini.

Na Garcia naye msimwonee huruma sana. Kama miezi miwili tu kabla ya Austin, Saudi Arabia, alitolewa mashindanoni kwa kuharibu grini kwa makusudi, hasira tu, grini kadhaa. Na 2007 kule Doral alitemea mate ndani ya shimo. Ndani ya shimo! Ambalo mwenzako nyuma anaingiza mkono. Mimi kama kedi hiyo siwezi kuisamehe, maana mkono unaoingia mule mara nyingi ni wa kedi.

Tiger Woods. Watu wanategemea kwenye makala kama hii Tiger ndo awe mada kuu, ila mi mambo yake ya 2009 ya wanawake sikuyaona ni ya gofu, yale ni ya nyumbani kwake na mke wake. Kilichonichekesha ni 2010 alivyorudi kucheza Masters, mwenyekiti wa Augusta wa wakati ule, Billy Payne, akasimama mbele ya waandishi kumsema, kwamba amewaangusha wote, na watoto na wajukuu. Alikuwa anatoa somo la maadili huku anaongoza kilabu ambacho mwaka huo hakikuwa na mwanachama mwanamke hata mmoja. Hamna mwandishi aliyemuuliza niandike ngapi, bosi. Mimi Tiger namdai vitu vidogo zaidi, kurusha fimbo, matusi watoto wakiwa pembeni ya kamba, na Dubai 2011 alipotema mate kwenye grini wakamtoza faini. Halafu utamkuta mtoto wa miaka kumi kwenye kilabu anatema mate kabla ya kupiga, nani kamfundisha?

LIV, ile ligi mpya ya gofu, nitapita haraka, imeshaandikwa mpaka imechosha. Hela za Saudia, 2022, mashimo 54, hakuna mchezaji kuondolewa katikati, mtu anayeshika mkia kabisa wa 48 mwaka ule alikuwa anaondoka na dola 120,000. Mimi simlaumu mtu kufuata hela, na mimi nilifuata hela za begi. Kilichonichosha ni mahubiri. Mwaka mzima wakubwa wa PGA Tour, ligi kuu ya Marekani, wanahubiri utu na kumbukumbu za waliokufa Septemba 11, Rory McIlroy wakamtanguliza mbele kama kondoo dume, halafu Juni 2023 tunaamka asubuhi wameshakaa meza moja na hao hao Wasaudia na Rory mwenyewe kashtukizwa. Jon Rahm aliyekuwa anasema yeye hela haimbadilishi, Desemba kahamia LIV. Na jamani katika kelele zote zile nani alikuwa anawaongelea makedi? Mwaka 2015 makedi wa PGA Tour walienda mahakamani, wanavalishwa bibu zenye matangazo ya wadhamini wakati hela ya tangazo hawaioni, mwaka uliofuata jaji akaitupa kesi. Nani anaikumbuka?

Siku hizi kidogo naona afadhali kwa wale wa juu kabisa. Scottie Scheffler 2024 aliondoka na bonasi ya dola milioni 25 ya FedEx Cup, ubingwa wa msimu wa PGA Tour, na kedi wake Ted Scott kwa ile desturi ya asilimia 10 unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Scheffler nampenda, mwaka huo huo polisi wa Louisville walimkamata asubuhi akiwa anaingia uwanjani, akapelekwa kituoni, akarudi akamaliza raundi kwa mapigo 66, na hakumtukana mtu, mashtaka yakafutwa. Ila hiyo ni mbingu ya juu, na gofu ina watu wengi sana ambao hawajawahi kuiona hata kwenye TV.

Haya, sasa nijiseme na mimi, maana ningeishia hapa ningekuwa nimejipendelea.

Mwaka jana rafiki yangu ni mwanachama wa kilabu, sio kile changu, akanialika nicheze kama mgeni wake. Nina kazi siku hizi, nina viatu vyangu vya gofu, mwendo wa kizee umeanza kunijia. Nikapewa kijana wa kunibebea, miaka kama 17, mkimya, taulo ncha moja imelowa. Nikamwonea raha. Nikamwambia na mimi nilikuwa kedi bwana, akasema "sawa bosi" kwa ile sauti ninayoijua, kila mgeni humwambia hivyo.

Shimo la 6 nikaharibu. Wa kwanza uliingia mtoni, nikadondosha mwingine, nikaupiga ukaingia kwenye mchanga, mchangani nikapiga mara mbili, sijui tatu. Rafiki yangu yuko mbali kule upande wa pili anaongea na simu. Nilipofika chini ya kivuli kijana katoa kadi kutoka mfuko wa nyuma, kaishika, ananiangalia miguuni.

Na kichwani kwangu mi nilikuwa nawaza kitu kingine kabisa, nilikuwa napiga hesabu nimpe ngapi tukimaliza. Bei ya kilabu ilikuwa elfu kumi na tano, nilitaka nimpe arobaini, halafu nikajikuta nasema moyoni mbona wenzangu wanawapa ishirini tu, kwa kijana kama huyu si ishirini na tano ni hela nzuri. Niliisikia kabisa ile sentensi, ilikuja na Kiswahili chake safi.

"Niandike ngapi, bosi?"

Nikamwangalia. Nikamuuliza, "We umehesabu ngapi?"

Akasita, akageuka kumwangalia yule kedi mwenzake kule mbali, kama mtu aliyeulizwa swali la mtego. "Mi sijahesabu bosi," akasema.